Wakati wa Kujifunza Watoka kwa Nani?

Neno moja limekuwa jepesi mno katika ndimi zetu siku hizi, nalo ni "sina wakati." Mtu akiambiwa azuru mgonjwa, hana wakati, akiambiwa aketi na wanawe, hana wakati, na akiambiwa ajifunze kazi nyingine kabla ile aliyo nayo haijamtoka mkononi, hapo ndipo husema kwa nguvu zaidi, na pengine akaapa, kuwa hana wakati. Sisi hatusemi kuwa wote wasemao hivyo ni waongo. Wako walio wakweli, na tutawataja. Lakini twaona yafaa neno hili litiwe katika mizani, kwani wakati ni mali ambayo kila mtu atahesabiwa kwayo, na mwenye mali hafai kusema hana kabla hajafungua kasha lake akatazama.

Lililotuchochea kuandika haya ni suala la ndugu yetu mmoja aliyetujia Jumapili baada ya darsa ya Alasiri. Ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, umri wake miaka 38, ana mke na watoto watatu, na nyumba yake iko ng'ambo ya Likoni. Akasema: "Sheikh, nusu ya kazi yangu sasa yafanywa na mtambo, na hiyo nusu iliyosalia sijui itakaa miaka mingapi. Nataka kusomea uhasibu. Lakini natoka nyumbani kabla jua halijachomoza, nami hurudi Magharibi. Wakati wa kusoma niutoe wapi? Na je, nikisoma ofisini pale ambapo hapana kazi mbele yangu, ni halali au ni wizi?"

Waliokuwapo walitaka kulijibu suala la kwanza na kuliacha la pili. Mmoja akamwambia aamke saa tisa za usiku. Mwingine akamwambia aache kutazama mpira. Sisi tuliomba muhula, kwani tuliona ya kuwa masuala haya mawili ni suala moja. Anayetaka kujua atautoa wapi wakati, kwanza sharti ajue ule alio nao ni wa nani. Pesa iliyomo mfukoni mwako si lazima iwe yako. Huenda ikawa ni amana ya mtu, au deni, au posho ya watoto. Na saa zilizomo katika siku yako ni hivyo hivyo.

Kabla ya hayo twapenda kusema kwamba ndugu huyu hana khofu ya bure. Mwaka 2005 forodha ya Kenya ilianza kupokea khabari za mizigo kwa mtambo wa kompyuta ulioitwa Simba, na tangu hapo kazi nyingi iliyokuwa ya kalamu, mihuri na kutembea kutoka dirisha hili hadi lile imekuwa ikipungua. Kisha ikaja reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018. Makontena mengi yakaamriwa kupanda treni yakatolewe Nairobi. Madereva wa malori, mautingo, makarani, mafundi wa gereji na wenye mikahawa ya njiani wakaona riziki zao zikikonda, hata mwaka 2019 watu wakaandamana katika njia za Mombasa. Septemba 2022 serikali mpya ikaamuru kazi ya kutoa mizigo irejeshwe hapa. Hatusemi ni nani aliyekuwa na haki katika mambo hayo. Twasema hili tu: kazi iliyoondoka kwa amri na ikarudi kwa amri, haikuwa mkononi mwa yule aliyekuwa akiifanya. Ama ujuzi ulio kichwani mwa mtu, huo hauondolewi kwa amri. Aendapo, huenda naye.

Wako wazee wetu watakaosema kuwa riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, wala haiko katika vyeti. Wasema kweli. Lakini mvuvi hutengeneza nyavu zake katika siku za kusi, bahari inapochafuka, na hapana amwambiaye kuwa amemshuku Mola wake. Wala mtu asidhani kuwa ilimu ya kazi za dunia haina fungu katika sifa ya ilimu. Zaid bin Thabit (R.A.), aliyekuwa mwandishi wa Mtume (S.A.W.), aliamriwa na Mtume mwenyewe ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa sababu kazi ya barua ilimhitaji mwenye kuyajua, na imepokewa kuwa aliyamudu katika muda wa kama nusu mwezi. Hiyo ilikuwa ni ilimu ya kazi, na aliyejifunza alikuwa tayari yuko kazini.

Basi na tufungue kasha. Juma lina saa 168. Kanuni za mishahara za Kenya zaweka juma la kazi la kawaida kuwa saa zisizozidi 52 katika siku sita. Na tuseme ndugu yetu azifanya zote 52. Alale saa saba kila usiku, hizo ni 49. Safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kungoja feri, saa mbili kwa siku sita, ni 12. Sala tano, udhu wake na mwendo wa msikitini, tuziwekee 10. Kula, kuoga na mfano wa hayo, saa mbili kila siku, ni 14. Mke na watoto saa mbili kila siku, ni 14 nyingine. Jumla ni 151. Zimesalia 17.

Tulipomwonyesha ndugu yetu hesabu hii, aliiangalia kwa kitambo kisha akacheka kama mtu aliyeonyeshwa shilingi zake chini ya mkeka. Hizo 17 zaenda wapi? Mwenyewe alijua. Nusu saa kwa simu kabla ya kulala, ambayo haiwi nusu. Robo saa barazani, ambayo haiwi robo. Mechi moja, kisha maneno juu ya mechi, kisha maneno juu ya maneno. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na hakuna buyu lichovywalo kama wakati, kwa sababu kila achovyaye aona ametwaa kidogo tu. Wala hatulaumu baraza, kwani baraza ina haki yake, na mtu asiyeketi na jirani zake hata siku moja ni mtu mwenye upungufu. Lakini katika 17 akitwaa sita, yaani saa moja katika usiku nne na saa mbili siku ya Jumapili, bado zimembakia 11 za baraza na mpira. Na saa sita kwa majuma 48 ni saa 288 katika mwaka mmoja. Mtihani haushindwi na saa 288 zilizotumiwa vyema.

Hapa tulidhani tumemaliza. Lakini ndugu huyu alipoondoka, mmoja wa watu wa nyumbani kwetu aliyekuwa akisikia alituuliza neno lililotunyamazisha: "Na hesabu ya mkewe, mumeifanya?"

Hatukuwa tumeifanya. Basi tuliuliza, kisha tukaifanya. Bibi huyo asomesha watoto wadogo katika shule, saa 40 kwa juma. Hulala saa sita, kwani huamka mapema kupika, nazo ni 42. Safari zake ni saa sita kwa juma. Sala, 10. Kula na kuoga kwake, 14. Kisha kupika, kufua, kufagia, kuosha watoto, kuwasimamia kazi zao za shule na kumtazama mama mkwe aliye mgonjwa, saa nane kwa siku, nazo ni 56. Jumlisha, ewe msomaji. Ni 168 kamili. Haikusalia hata moja. Hawa ndio wale wakweli tuliosema tutawataja. Mwanamke kama huyu akisema hana wakati, asema kweli tupu, wala haifai mtu kumwambia aache mpira asioutazama.

Kwa hivyo mume akisema, "Nimepata saa za kusoma," haina budi tumuulize: umezipata wapi? Ikiwa umezitoa katika baraza yako, umetoa katika mali yako. Ikiwa umezitoa katika zile 14 za mke na watoto, umetoa katika mali ya mwenzio, na kazi uliyoiacha imemwangukia yeye asiye na nafasi ya kuipokea. Wakati hauokotwi njiani. Kila saa mtu anayojifunzia, ama ameitoa mwenyewe, ama amekopeshwa na mtu, ama ameiba. Wengi wetu tulisomeshwa na saa za wake zetu na mama zetu, na siku ya kutundika cheti ukutani tukawasahau waliotukopesha.

Katika jambo hili tunao mfano bora kuliko hesabu zetu zote. Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akikaa pembezoni mwa Madina, naye alikuwa mtu wa kazi. Akapatana na jirani yake katika Maansari: siku moja ashuke huyu kwa Mtume (S.A.W.) na mwenziwe ashughulikie kazi, na siku ya pili ashuke yule, na kila aliyeshuka humletea mwenziwe khabari za ilimu aliyoisikia. Tutazame vyema. Umar hakusema hana wakati, wala hakuacha kazi, wala hakumtupia jirani mzigo wake wote. Walipeana zamu. Na aliyejifunza hakuiweka ilimu kifuani pake, bali aliirudisha kwa yule aliyemkopesha siku. Likiwa jambo hili limefaa baina ya jirani wawili, basi baina ya mume na mke ndilo lenye kufaa zaidi. Usiku wa mume kusoma, mke ashike watoto. Na usiku mwingine mume ashike watoto na sufuria, na mke asome, au alale, au aketi tu. Asiulizwe aufanyia nini usiku wake.

Twarejea suala la pili, la kusoma ofisini. Mafakihi wetu wamebainisha kwamba aliyeajiriwa kwa muda maalumu ameuuza muda wake kwa mwajiri, isipokuwa kiasi cha sala za faradhi, tohara yake, na chakula, ambacho huwa kimetolewa tangu mwanzo hata kisipotajwa. Basi anayesoma kitabu chake hali kazi imemngoja, huyo apokea mshahara wa kitu ambacho hakukitoa, na hatuoni jina jingine la kukiita ila khiyana. Ama pale ambapo kazi haipo, yeye angali amelipwa kwa kuwapo kwake, wala saa hiyo haikurudi kuwa yake kwa sababu tajiri hana la kumpa. Lakini mwenye mali aweza kuitoa kwa ridhaa yake. Basi ndugu yetu tulimwambia: mwombe tajiri wako. Aliona haya, akasema huenda akamshuku kuwa ataka kuhama. Tukamjibu ya kuwa haya ya kuomba ni ya siku moja, na haya ya khiyana hufuata mtu hadi kwenye hisabu. Aliomba. Tajiri wake alimpa ruhusa ya saa ya chakula na ya nyakati ambazo hapana meli, kwa sharti kwamba simu ikilia kitabu kifungwe. Hivyo alipata kwa halali kile ambacho wenziwe hukipata kwa kuvizia.

Na wenye kuajiri wasifurahi wakadhani maneno haya yawahusu makarani tu. Mizani haina upande mmoja. Tajiri anayemzuia mtu wake hadi saa mbili za usiku bila ya malipo, au anayemtumia ujumbe wa kazi kila usiku akitaka ajibiwe papo hapo, naye amekula saa ambazo hakuzinunua. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Anayeinyima, au anayeitoa hali amenuna, ajue kuwa huenda anamzuilia mtu mtihani wake, na kwa mtihani huo, riziki ya watoto wake.

Lipo fungu jingine ambalo watu hulivamia kwa kuwa mwenyewe hapigi kelele, nalo ni usingizi. Ndugu yetu alijaribu katika mwezi wa kwanza kulala saa nne. Wiki ya tatu alikosea tarakimu katika hati ya kontena, na kosa hilo lilikaribia kumtoa kazini. Na Alfajiri alikuwa akisimama safuni asijue imamu amesoma nini. Salman (R.A.) alipomkuta nduguye Abu Dardai ameacha mke wake na usingizi wake kwa ajili ya ibada, alimkumbusha kuwa Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki apewe yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe hairuhusiwi kumdhulumu mke na mwili, je, uhasibu?

Watabaki watu watakaosema: wakati ninao, lakini umri umenipita. Twawakumbusha habari ya al-Qaffal al-Marwazi, mmoja wa maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi. Jina lake hilo lina maana ya mtengeneza kufuli, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mikono yake, na alisifika kwa ustadi wake. Hakuanza kutafuta fiqhi ila alipokuwa na umri wa miaka 30, na alipofariki mwaka 417 Hijriya alikuwa ndiye marejeo ya Mashafi wa Khurasani. Ukubwa wa ilimu haukumwondolea jina la kazi yake ya mikono; ndilo analoitwa hadi leo.

Na sisi tusijitoe katika lawama hii. Kwa miaka mingi tulikataa kujifunza kuandika kwa kompyuta, tukisema kuwa darsa zimetujaa na hatuna nafasi. Karatasi zetu zikawa zapelekwa kwa kijana mmoja azipige chapa, nasi tukiketi kando yake saa nzima tukimsahihisha Kiarabu. Siku moja kijana huyo, kwa adabu, alituambia: "Maalim, saa hizi ulizokaa hapa mwaka huu zingetosha kujifunza." Tuliona uchungu, kwa sababu ilikuwa kweli. Hatukuwa tumekosa wakati. Tulikuwa tukikhofu kuonekana hatujui mbele ya mtoto tuliyemfundisha Kurani. Twashuku ya kuwa nyingi katika hizi "sina wakati" ni kiburi kilichovaa kanzu ya shughuli.

Neno letu la mwisho ni kwa jamii nzima, kwani si haki kumtwika mtu mmoja yale ambayo yafaa kubebwa na wengi. Chuo kile kilichoko Tudor, ambacho leo ni Technical University of Mombasa, kilianza kama chuo cha Waislamu cha ufundi kilichofungua milango mwaka 1951, kwa mali zilizotolewa na watu walioona kuwa vijana wetu wataachwa nyuma bila ya ujuzi wa kazi. Wao walijenga chuo kizima. Sisi tumeshindwa kufungua darasa? Madarasa ya madrasa zetu hufungwa baada ya Isha, taa zikazimwa, na madawati yakalala. Katika mtaa wetu mna wahasibu, mafundi wa umeme na walimu wa kompyuta. Lau kila mmoja angetoa usiku mmoja kwa juma, na wazee wakatoa pesa za umeme, na mabibi wakawekewa saa zao na mahali pa watoto wao kuangaliwa, basi wengi wangepata hapa hapa kile wanachokifuata mbali kwa nauli. Sisi tumekwisha kutoa chumba kimoja cha darsa yetu, usiku wa Jumanne na wa Alkhamisi, na twangoja walimu.

Ama ndugu yetu karani, mwaka umekwisha pita. Katika mitihani mitatu amefaulu miwili, na mmoja ameanguka naye ataurudia. Kazi yake ingalipo, wala hajui itakaa mpaka lini. Mkewe ana usiku wake wawili kwa juma. Wa kwanza, twaambiwa, aliulala wote. Wa pili ameanza kuusomea. Tulipomuuliza mume kama ameona uzito, alisema kuwa kupika si kuzito kama alivyodhani, ila sufuria humngoja mtu akiwa amechoka. Tukamwambia kuwa hiyo nayo ni ilimu, na mwalimu wake alikuwa nyumbani siku zote.

Wabillahi tawfiq.